Solo za Gitaa katika Bluzi na Roki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Haya ni maswali ambayo hayaishi kila gitaa la umeme linapotajwa: nani mkali, solo gani kali, mgeni aanzie wapi. Majibu yana upendeleo na sitauficha. Hapa solo inapimwa kwanza kwa jambo moja: je, unaweza kuiimba kwa mdomo baada ya redio kuzimwa? Kasi inakuja nyuma, tena nyuma sana.

## Mambo ya mwanzo

Solo ni nini hasa, na inakaa wapi katika wimbo?

Ni kipande ambacho mwimbaji ananyamaza na gitaa linachukua zamu yake. Bluzi ya kawaida huzunguka katika baa 12, kila baa ina mapigo manne, na kodi (sauti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) ni tatu tu. Mwimbaji akishamaliza beti mbili au tatu, mpiga gitaa anaachiwa mzunguko mmoja au miwili aseme yake, bendi ikiendelea vilevile chini yake.

Roki ilirithi utaratibu huo, kisha ikaulegeza. Solo inaweza kuja baada ya ubeti wa pili, inaweza kuufunga wimbo, na mara nyingine ndiyo wimbo wenyewe, kama "Maggot Brain" ya Funkadelic (1971), ambapo Eddie Hazel analia na gitaa kwa karibu dakika kumi. Kiongozi wa bendi, George Clinton, alimwambia apige kana kwamba ameambiwa mama yake amefariki. Ukiisikiliza usiku, huhitaji kuambiwa hilo.

Je, ni kitu kile kile na solo ya muziki wa dansi?

Hapana. Katika dansi la Tanzania, Kenya na Kongo gitaa la solo liko kazini tangu mwanzo hadi mwisho. Linajibizana na magitaa mengine, linamsindikiza mwimbaji, na sebene ikianza ndilo linaloshika usukani. Sikiliza Mbaraka Mwinshehe akiwa na Morogoro Jazz, au Dr Nico, au Franco. Ukiliondoa gitaa la solo pale, hakuna kinachobaki cha kuchezea.

B.B. King alifanya kinyume. Alipoimba, gitaa lilinyamaza. Alipofunga mdomo, gitaa likajibu. Mwenyewe alikuwa akisema hawezi kuimba na kupiga kwa wakati mmoja. Aliyekulia kwenye ngoma au kwaya, mmoja akianzisha na wengine wakiitikia, hatapata taabu kumwelewa. Tofauti ni kwamba hapa anayeanzisha na anayeitikia ni mtu mmoja.

Mikondo hii miwili iliwahi kukutana jukwaa moja. Septemba 1974, tarehe 22 hadi 24, kulikuwa na tamasha la siku tatu Kinshasa, lililopangwa liende pamoja na pambano la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho mazoezini, pambano likasogezwa hadi 30 Oktoba, lakini muziki haukungoja. B.B. King alipiga, James Brown akapiga, na wenyeji wakawa kina Franco na Tabu Ley.

Kwa nini wanavuta nyuzi hivyo?

Kwa sababu sauti wanayoitafuta haipo mahali pa kubonyeza. Bluzi nyingi hupigwa kwa ngazi ya sauti tano. Ukianzia A, ni A, C, D, E na G. Lakini ile C ya bluzi haikai pale inapokaa kwenye kinanda. Inasukumwa juu kidogo, haifiki kwenye sauti inayofuata, inabaki katikati ikisumbua. Kinanda hakina kitufe hapo katikati. Gitaa halina shida: unasukuma uzi kwa kidole hadi sikio likubali.

T-Bone Walker wa Texas ndiye aliyewaonyesha wengi jinsi gitaa la umeme linavyoweza kuongea hivyo. "Call It Stormy Monday" yake ni ya 1947. B.B. King aliongeza mtetemo. Alitamani kupata sauti ya slaidi (kitu kigumu kinachotelezeshwa juu ya nyuzi) kama binamu yake Bukka White, ikamshinda, akabuni njia yake. Mtazame kwenye video: kidole cha shahada kimebaki juu ya uzi, kidole gumba kimeachia shingo ya gitaa, na kiganja kizima kinapepea. Noti moja inatetemeka mpaka unasahau kwamba hajapiga nyingine.

Kwa nini gitaa la roki linakwaruza? Ni ubovu?

Ulianza kama ubovu. Amplifaya za zamani zilitumia valvu za kioo, na ukizifungulia kupita uwezo wake sauti inachanika. Kwenye "Rocket 88" ya 1951, gitaa la Willie Kizart linanguruma kwa sababu amplifaya ilikuwa imeharibika, na walirekodi hivyo hivyo. Mwaka 1964 Dave Davies wa The Kinks aliichana spika yake kwa wembe makusudi kabla ya kurekodi "You Really Got Me". Viwanda navyo viliuza vifaa vya kufanya kazi hiyo bila wembe.

Kukwaruza huko kuna faida moja kubwa kwa solo: noti inakaa muda mrefu. Gitaa la kawaida likipigwa, sauti hufifia upesi. Gitaa lenye amplifaya iliyofunguliwa sana linaweza kushikilia noti moja kama mwimbaji anavyoshikilia neno.

Mimi mgeni kabisa. Nianze na solo zipi?

Anza na "The Thrill Is Gone" ya B.B. King. Aliirekodi 1969, na wimbo wenyewe ulikuwa wa Roy Hawkins tangu 1951. Hakuna haraka yoyote ndani yake. Ukimaliza hapo, tafuta "Live at the Regal", onyesho alilorekodi Chicago Novemba 1964, usikie wanawake wa ukumbini wakipiga kelele kila anapovuta uzi. Utaelewa kwamba solo ni mazungumzo na watu waliokaa mbele yako.

Kisha "Texas Flood" ya Stevie Ray Vaughan, "Purple Rain" ya Prince, na "Comfortably Numb" ya Pink Floyd. Hendrix mwache kwanza, umpe siku yake mwenyewe.

## Solo zinazotajwa kila siku

Nani hasa anapiga solo ya "Hotel California" ya Eagles?

Ni wawili: Don Felder na Joe Walsh. Ndiyo maana ukijaribu kuifuatisha peke yako unakwama mwishoni. Zile noti zinazoshuka pamoja ni magitaa mawili, moja limekaa juu ya jingine.

Felder ndiye aliyeleta muziki, kwenye kaseti aliyoirekodi nyumbani kwake ufukweni Malibu. Walipofika studio Miami mwaka 1976, yeye na Walsh walitaka kubuni papo hapo. Mwenzao Don Henley akakataa: alitaka kama ilivyo kwenye kaseti. Kaseti yenyewe ilikuwa imebaki California. Felder amesimulia kwamba ilibidi ampigie simu mfanyakazi wake wa nyumbani, aitafute, aipige na kuweka simu karibu na spika, ili yeye huko Miami ajifunze upya kitu alichokitunga mwenyewe.

Kwa anayepiga kwenye hoteli za kitalii za pwani yetu: wimbo huu utaombwa tu, jiandae. Mwanzo wake hupigwa kapo (kibanio cha shingo ya gitaa) ikiwa kwenye nafasi ya 7.

Solo ya "Stairway to Heaven" ilitungwa au ilibuniwa papo hapo?

Ilibuniwa, ila si kwa kukurupuka. Jimmy Page wa Led Zeppelin alijua atakavyoingia, sentensi ya kwanza ile, na yaliyobaki aliyaacha yaje yenyewe. Alirekodi mara tatu, akachagua moja. Cha ajabu ni gitaa: watu wanamkumbuka Page na gitaa aina ya Les Paul, lakini hii aliipiga kwa aina nyingine, Telecaster aliyopewa na rafiki yake Jeff Beck. Albamu ilitoka Novemba 1971, na solo inakuja karibu na dakika ya sita, baada ya wimbo kupanda taratibu tangu gitaa lisilo la umeme na filimbi. Ukiikata ukaiweka peke yake, nusu ya nguvu inapotea. Kuhusu kesi ya mahakamani, tazama swali la wizi kule chini.

Na "Comfortably Numb"?

Hiyo ina solo mbili, na wengi wanaposema "solo ya Comfortably Numb" wana maana ya ile ya mwisho. Ya kwanza ni fupi, ina nuru, na mimi huiona imeonewa. Unaweza kuiimba yote tangu noti ya kwanza.

Ya pili David Gilmour aliijenga. Alirekodi solo tano au sita kamili, akakaa kuzisikiliza, akaweka alama kwenye vipande vyema, kisha akaviunganisha kuwa kimoja. Watu hukasirika wakisikia hivyo, wanaona kama udanganyifu. Mshairi akiandika beti sita na kuchagua mistari bora hatumwiti mdanganyifu. Linalobaki la kuuliza ni kama mishono inaonekana, na hapa haionekani.

Gitaa lake jeusi aina ya Stratocaster alilolitumia liliuzwa kwa mnada wa Christie's, New York, Juni 2019, kwa dola 3,975,000. Fedha za mnada ule zilikwenda kwa ClientEarth, shirika la mazingira.

Kwa nini Hendrix ni wa kwanza karibu katika kila orodha?

Kwa sababu kuna gitaa kabla yake na gitaa baada yake, na pengo kati ya hayo mawili ni miaka minne tu. Jimi Hendrix alizaliwa Seattle mwaka 1942, akawa askari wa miavuli kwa muda mfupi, kisha akapiga nyuma ya watu kama Little Richard na Isley Brothers. Septemba 1966 alifika London akiwa hajulikani. Septemba 1970 alifia humo humo London, akiwa na miaka 27.

Ukitaka kumwelewa kwa wimbo mmoja, chukua "All Along the Watchtower" ya 1968. Wimbo ni wa Bob Dylan. Solo ya katikati imegawanyika katika vipande vinne, kila kimoja na sauti yake. Anaanza na gitaa la kawaida, safi, lenye mwangwi. Kisha inaingia slaidi, na slaidi yenyewe ilikuwa kiberiti cha gesi alichokiteleza juu ya nyuzi. Cha tatu ni wawa, pedali ya mguuni inayopindisha sauti, gitaa linaongea kwa midomo. Cha nne anaacha noti moja moja na kukung'uta kodi, mpaka sauti yake inarudi kuimba. Kila kipande kinachukua pale kilichopita kilipoishia. Dylan mwenyewe baada ya hapo amekuwa akiupiga wimbo wake kwa namna ya Hendrix.

Kisha nenda kwenye "Machine Gun", iliyorekodiwa ukumbi wa Fillmore East, New York, 1 Januari 1970. Anautoa kwa askari wote wanaopigana Chicago, Milwaukee na New York, ndipo anaongeza wa Vietnam. Solo inaanza na noti moja ndefu inayopiga yowe na haishuki. Hakuna aliyehitaji maneno baada ya noti ile. Wengi husifu zaidi wimbo wa taifa wa Marekani alioupiga Woodstock asubuhi ya Jumatatu, 18 Agosti 1969, na una haki ya kusifiwa. Lakini kwangu "Machine Gun" ndiyo kilele.

Ni kweli Queen wana asili ya Zanzibar?

Mmoja wao. Freddie Mercury, jina lake la kuzaliwa Farrokh Bulsara, alizaliwa Zanzibar 5 Septemba 1946, na familia ikahamia Uingereza mwaka 1964. Yeye alikuwa mwimbaji na mpiga piano. Gitaa lilikuwa la Brian May, Mwingereza.

May anastahili swali lake mwenyewe. Gitaa lake alilitengeneza na baba yake kuanzia 1963: shingo ni mbao ya sehemu ya kuotea moto iliyokuwa na zaidi ya miaka mia, springi zilitoka kwenye pikipiki, na alama za shingoni ni vifungo vya chaza vya sanduku la ushonaji la mama yake. Hatumii piki ya plastiki (kipande cha kugongea nyuzi), anatumia sarafu ya zamani ya Uingereza ya peni sita. Solo ya "Bohemian Rhapsody" (1975) ni fupi na haina onyesho la ufundi. May alitaka iwe wimbo mwingine kidogo, si kurudia alichoimba Freddie, naye aliusikia kichwani kabla ya kugusa gitaa. Ijaribu kuiimba. Inaimbika yote.

Solo ya "Beat It" ya Michael Jackson alipiga nani?

Eddie Van Halen, mwaka 1982, bila malipo. Prodyuza Quincy Jones alimwomba, akaja, akapiga, akaondoka. Gitaa linalosikika sehemu nyingine za wimbo ni la Steve Lukather kwa sehemu kubwa.

Je, "Purple Rain" ilirekodiwa studio?

Msingi wake ni wa jukwaani: klabu ya First Avenue, Minneapolis, 3 Agosti 1983, Prince akiwa na bendi yake, na mpiga gitaa Wendy Melvoin akiwa kwenye onyesho lake la kwanza nao. Watu waliokuwa ukumbini hawakuwahi kuusikia wimbo huo. Baadaye uliongezewa mambo studio na kukatwa ubeti mmoja, lakini solo unayoisikia ilianzia usiku ule. Sehemu ya mwisho Prince anarudia sentensi moja ya gitaa, anairudia tena, kisha anaiacha sauti yake iishike. Ukumbi mzima waweza kuitikia, na ndivyo ilivyokuwa katika maonyesho yake mengi.

## Wapigaji wenyewe

B.B. King, Albert King na Freddie King ni ndugu?

Hapana. B.B. aliitwa Riley King, wa Mississippi, aliishi 1925 hadi 2015. Albert jina lake lilikuwa Albert Nelson. Aliwahi kudai ni ndugu wa B.B. kwa baba, na B.B. hakulikubali. Freddie alikuwa kijana wa Texas aliyekulia Chicago, akafariki 1976 akiwa na miaka 42 tu.

Nani mkubwa? B.B. ndiye baba wa wote. Lakini ukiwasikiliza wapigaji wa roki kwa makini utakuta wameiba zaidi kwa Albert. Solo ya Eric Clapton kwenye "Strange Brew" ya bendi yake Cream ni Albert mtupu. Stevie Ray Vaughan kwenye "Let's Dance" ya David Bowie (1983), vivyo hivyo. Mwisho wa mwaka huo huo Albert na Stevie walikaa pamoja katika studio ya televisheni Hamilton, Kanada, mzee na kijana, na rekodi ile ikatoka 1999 kwa jina "In Session". Mzee anamtania kijana katikati ya nyimbo. Itafute.

Kwa nini gitaa la B.B. King linaitwa Lucille?

Mwaka 1949 alikuwa akipiga katika ukumbi mmoja mji wa Twist, Arkansas. Kulikuwa na baridi, na watu walikuwa wakiota moto wa mafuta kwenye pipa. Wanaume wawili wakapigana, pipa likaanguka, ukumbi ukawaka. B.B. alitoka nje salama, akakumbuka gitaa, akarudi ndani kwenye moto kulichukua. Kesho yake akaambiwa waligombania mwanamke aitwaye Lucille. Akaliita gitaa jina hilo, na kila gitaa lililofuata, ili akumbuke asirudie upumbavu ule.

Hakuna wanawake?

Wapo tangu mwanzo, ila orodha nyingi huwasahau. Memphis Minnie alirekodi "When the Levee Breaks" na Kansas Joe McCoy mwaka 1929. Led Zeppelin waliuchukua 1971. Bonnie Raitt ni kati ya wapigaji bora wa slaidi walio hai.

Lakini wa kumtazama kwanza ni Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Cotton Plant, Arkansas, 1915. Alikuwa mwimbaji wa injili aliyepiga gitaa la umeme kabla roki haijapata jina, na "Strange Things Happening Every Day" ya 1944 ina karibu kila kitu ambacho kina Chuck Berry walikuja kusifiwa nacho. Ipo video ya 1964: televisheni ya Uingereza ilikuwa imepamba stesheni ya treni isiyotumika huko Manchester, watazamaji wamekaa upande mmoja wa reli, jukwaa upande wa pili. Mvua imenyesha. Anashuka kwenye gari la farasi akiwa na koti lake, anashika gitaa jeupe, na anaanza "Didn't It Rain". Solo anayopiga pale ni ya mtu anayefurahia kazi yake. Ukumbi wa heshima wa roki ulimwingiza 2018, miaka 45 baada ya kufariki.

Ni kweli Robert Johnson aliuza roho yake kwa shetani?

Hadithi inasema alikwenda njia panda usiku wa manane na akarudi fundi. Kwetu pia msanii akipanda ghafla haikosi kusemwa amekwenda kwa mganga, kwa hiyo tusiwacheke watu wa Mississippi.

Hadithi hiyo kwanza ilikuwa ya mpiga gitaa mwingine, Tommy Johnson, ambaye hawakuwa ndugu. Kuhusu Robert kinachojulikana ni hiki: mwanabluzi mkongwe Son House alimkumbuka kama kijana aliyekuwa kero, anashika gitaa la wakubwa na kupiga makelele. Akatoweka kwa muda, akarudi anawashinda. Katikati hapo alikuwa na mwalimu, Ike Zimmerman, na walikuwa wakifanya mazoezi usiku makaburini, mahali ambapo hawakumsumbua mtu. Makaburi na usiku, basi. Ulimi wa watu ukamalizia. Alirekodi nyimbo 29 tu, San Antonio 1936 na Dallas 1937, akafa Agosti 1938 akiwa na miaka 27.

Clapton alisema maneno ya kibaguzi. Niache kumsikiliza?

Aliyasema, na si uvumi. Agosti 1976, jukwaani Birmingham, akiwa amelewa, alimuunga mkono mwanasiasa Enoch Powell na kutaka wageni waondolewe Uingereza. Huyu ni mtu aliyejenga jina lake kwa muziki wa Weusi, na miaka miwili kabla yake alikuwa ameshika namba moja Marekani kwa "I Shot the Sheriff" ya Bob Marley. Hasira zilizofuata ndizo zilizozaa vuguvugu la Rock Against Racism. Miaka mingi baadaye alisema anaona aibu.

Kumsikiliza au kumwacha ni hiari yako. Mimi bado nasikiliza "Crossroads" aliyopiga na Cream San Francisco, Machi 1968, kwa sababu ni solo mbili zisizo na noti ya ziada. Nikimaliza, namsikiliza Robert Johnson, mwenye wimbo.

## Kwa anayejifunza kupiga

Natumia mkono wa kushoto. Nifanyeje?

Una njia tatu, na zote zina bingwa. Hendrix alichukua gitaa la mkono wa kulia, akaligeuza, akabadilisha mpangilio wa nyuzi. Albert King aliligeuza bila kubadilisha nyuzi, uzi mwembamba ukawa juu, kwa hiyo alipovuta uzi aliuvuta kuelekea chini. Ndiyo siri mojawapo ya sauti yake. Elizabeth Cotten, mtunzi wa "Freight Train", alifanya vivyo hivyo na gitaa la kawaida, gumba likapiga sauti za juu na vidole vikapiga besi. Njia ya tatu ni kununua gitaa la mashoto, ukilipata. Madukani kwetu ni adimu, kwa hiyo kina Albert na Elizabeth watakufaa zaidi.

Nyuzi nene au nyembamba?

Stevie Ray Vaughan alitumia uzi wa kwanza wa inchi 0.013, mnene mno, akaulegeza kwa kushusha sauti ya gitaa zima nusu hatua. Vidole vyake viliumia kweli. Billy Gibbons wa ZZ Top husimulia kwamba B.B. King alilijaribu gitaa lake lenye nyuzi nene, kisha akamuuliza kwa nini anajitesa. Tangu siku hiyo Gibbons yuko kwenye nyuzi nyembamba kabisa, 0.007. Tony Iommi wa Black Sabbath alipoteza ncha za vidole viwili kiwandani akiwa na miaka 17, akajitengenezea vifuniko vya plastiki, na nyuzi laini zikawa lazima kwake. Anza na 0.009 au 0.010.

Nahitaji kasi kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyodhani. "Eruption" ya Van Halen (1978) ni ya dakika 1 na sekunde 42, mwishoni vidole vya mikono yote miwili vinagonga shingo ya gitaa, na ilibadili kizazi kizima. Lakini waliomwiga walichukua mbio wakaacha mdundo. Eddie alikuwa anacheza na mdundo hata alipokimbia. Solo ya mbio bila kituo inachosha, kama msimulizi asiyevuta pumzi. Jizoeze kwanza kuimba unachotaka kupiga, kisha ukitafute kwenye nyuzi. Mark Knopfler kwenye "Sultans of Swing" (1978) ana kasi ya kutosha, kwa vidole bila piki, na bado kila sentensi ina mwanzo na mwisho.

## Maswali ya pembeni

Bluzi ilitoka Afrika?

Mizizi yake ilivuka bahari na watu waliouzwa utumwani, wengi wao kutoka Afrika Magharibi, ambako ala za nyuzi na waimbaji wa kusimulia vilikuwapo zamani. Ali Farka Touré wa Mali alipomsikia mwanabluzi wa Marekani John Lee Hooker aliona ni muziki wa kwao uliorudi, na albamu aliyofanya na Ry Cooder, "Talking Timbuktu" (1994), inakufanya ukubaliane naye. Lakini bluzi yenyewe, baa 12 na maneno yake, ilizaliwa kwenye mashamba ya pamba na barabara za kusini mwa Marekani. Kuiita ya Afrika moja kwa moja ni kuwapokonya waliotoka jasho kuitunga.

Kuchukua sentensi ya solo ya mwingine ni wizi?

Katika bluzi, hapana. Ndivyo lugha inavyorithiwa (tazama swali la kina King). Wimbo mzima ni jambo jingine, na Led Zeppelin wamelazimika zaidi ya mara moja kuongeza majina ya watunzi wa bluzi kwenye nyimbo zao. Ile kesi ya "Stairway to Heaven" haikuhusu solo. Ilihusu mwanzo wa wimbo, uliodaiwa kufanana na "Taurus" ya bendi ya Spirit. Baraza la mahakama liliwapa ushindi Zeppelin 2016, na mahakama ya rufaa ikathibitisha 2020.

Solo zimekufa siku hizi?

Redioni zimepungua, jukwaani hapana. Christone "Kingfish" Ingram, mzaliwa wa 1999 kutoka Clarksdale, Mississippi, anapiga kana kwamba mkongwe wa bluzi Buddy Guy alimlea. Derek Trucks na slaidi yake haigizi mtu. Gary Clark Jr. yupo. Wanaolaumu miaka ya 1990 kwa kuua solo waisikilize tena ya "Smells Like Teen Spirit" ya bendi ya Nirvana: Kurt Cobain anarudia tu sauti ya kile alichokuwa anaimba, noti kwa noti. Wapo walioiona ni uvivu. Kwa kipimo cha ukurasa huu, imefaulu.

Solo inaweza kuwa ya noti moja?

Inaweza, na ipo. Neil Young, "Cinnamon Girl", 1969. Anagonga noti moja hiyo hiyo huku kodi zikibadilika chini yake, na kila kodi inaifanya isikike tofauti. Gitaa la kukodi na dakika tano zinatosha kuijifunza. Kuipiga bila kushawishika kuongeza noti ya pili ndiyo kazi.